SOMO: MAFUTA YA HAIDROLIKI KATIKA TREKTA KUUKUU



Mvua inakaribia, plau inakataa kuinuka, na mara watu wanaanza kuchanga pesa za pampu mpya. Ngojeni kwanza. Tazameni mafuta. Mara nyingi ugonjwa uko hapo, na dawa yake si ghali.

Pampu husukuma mafuta, nayo mafuta huinua mikono inayoshika plau. Basi mafuta yakiharibika, nguvu inapotea.

TUPIME PAMOJA

Simamisheni trekta mahali tambarare, shusheni plau hadi chini, zimeni injini. Toeni mafuta kidogo, myatie kwenye chupa safi.

1. Ni meupe kama chai ya maziwa: maji yameingia. Kuongeza mengine juu hakusaidii. Mwageni yote, safisheni chujio, tieni mapya.
2. Yana povu, na plau inapanda kwa kurukaruka: mafuta yamepungua au hewa inaingia. Jazeni hadi alama, kazeni viungio vilivyolegea.
3. Ni meusi na yananuka kuungua: yamechoka. Badilisheni.
4. Yana chembe za chuma: kuna kitu kinasagika ndani. Sasa mwiteni fundi.
5. Ni safi na yametosha, lakini plau inapanda polepole: angalieni chujio kama limeziba. Ikipanda kisha ishuke yenyewe, huenda sili zimekwisha.

MAFUTA GANI?

Fuateni kitabu cha trekta. Katika Massey Ferguson 135, mafuta ya gia ndiyo hayo hayo ya haidroliki, kwa hiyo mkikosea mnaumiza sehemu mbili. Msitie oili iliyotumika, wala mafuta ya breki. Hayo ya breki huharibu sili.

HATARI!

Msipapase paipu kwa mkono kutafuta panapovuja. Mafuta yenye presha hupenya ngozi kama sindano. Utaona katundu kadogo tu, pengine bila maumivu makali, kumbe mkono unaweza kukatwa. Tumieni kipande cha katoni. Aliyechomwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na daktari aambiwe ni mafuta ya presha. Tena, mtu asiingie chini ya plau iliyoinuliwa, hata kwa dakika moja.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwetu nani hupima mafuta kila asubuhi, na huandika wapi?
2. Kwa kila ekari tunayolima, tunaweka kando shilingi ngapi za mafuta na chujio?
3. Dereva wetu anaijua hatari ya presha?