Dondoo muhimu: Mlo Gisenyi bila kero

Kero kubwa mezani Gisenyi, mji wa Rwanda kando ya Ziwa Kivu, ni kungoja. Mishikaki ya mbuzi hutiwa kwenye mkaa baada ya mteja kuagiza, na ndizi za kuchoma nazo zina muda wake. Anayeteremka kutoka sekta ya karibu ya Cyanzarwe na njaa apige simu mapema, ataje idadi ya watu na saa ya kufika.

Sambaza, dagaa walioletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, huiva upesi. Waagizwe kwanza, waliwe moto. Wakija baridi na wamelegea, mteja ana kila haki ya kuwarudisha.

Muziki ukizidi, mhudumu aombwe aupunguze.

Bei ya samaki mzima iulizwe kabla hajakaangwa, na risiti ya mashine ya kodi idaiwe: ndiyo sheria Rwanda.