Sare na Sauti: Somo kwa Vijana na Wazee



Somo letu la mwezi huu limetokana na jambo lililotokea katika mtaa wetu. Kwaya ya vijana ilikuwa ikijiandaa kurekodi video. Kikao cha kwanza kilizungumzia sare, cha pili sare, na cha tatu viatu vya kuvaliwa na sare hizo. Kila mwimbaji akatakiwa kulipa mchango wake kabla ya mwisho wa mwezi. Binti mmoja, ambaye ndiye aliyekuwa tegemeo la sauti ya pili, hakuwa na fedha. Akaona haya kusema, akaacha kuja mazoezini. Siku ya kurekodi kwaya ilipendeza machoni, lakini sauti ya pili haikusikika.

Sisi wazee tulikuwapo katika vikao vyote vitatu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza nyimbo zimefikia wapi. Kwa hiyo si haki kuwalaumu vijana peke yao. Yafaa tujifunze pamoja: mapambo yana nafasi gani katika muziki, na kiini chake ni kipi? Tuchukue mfano wa mtu ambaye wengi wetu tulicheza nyimbo zake ujanani, naye ni Papa Wemba wa Kongo.

1. Sauti ilitangulia

Vijana wengi wanamkumbuka Papa Wemba kwa kofia zake na makoti yake. Lakini hakuanzia huko. Alizaliwa mwaka 1949. Mama yake alikuwa mwombolezaji, mwanamke aliyeitwa kuimba penye matanga, na mtoto alifuatana naye akasikia jinsi sauti inavyoweza kubeba huzuni ya watu. Baadaye aliimba katika kwaya ya kanisa. Mwaka 1969 akawa miongoni mwa vijana walioanzisha bendi ya Zaiko Langa Langa mjini Kinshasa. Bendi hiyo iliacha matarumbeta, ikatia nguvu katika magitaa na ngoma. Mwaka 1977 akaunda bendi yake mwenyewe, Viva la Musica, na humo wakakulia waimbaji wengine, kama King Kester Emeneya. Hiyo ilikuwa kazi ya miaka mingi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hakuna aliyeipiga picha.

2. Mavazi nayo yalikuwa na neno

Tusiseme kwamba mavazi yale yalikuwa upuuzi mtupu. Katika miaka ya 1970 serikali ya Mobutu ilikataza suti na tai za Kizungu, ikawataka wanaume wavae abakosti, yaani koti lisilofungwa tai. Kijana aliyepita Kinshasa na suti yake alikuwa akisema kwamba mwili wake si mali ya serikali. Mtindo huo, unaoitwa la Sape, una mizizi ya zamani ng'ambo ya mto, Brazzaville. Wemba aliukuza na kuupeleka mbali. Naye aliwahimiza vijana wawe safi, wanyoe vizuri na wanukie vizuri. Mzazi gani atalikataa hilo? Maskini anayejitengeneza anakataa kudharauliwa.

3. Wafuasi walichukua nini?

Hapa ndipo penye somo. Koti hununuliwa kwa siku moja. Sauti haiuzwi dukani. Kwa hiyo wengi waliompenda Wemba walichukua kile kilichoweza kununuliwa. Kijana asiye na kazi alivaa viatu vya Ulaya vyenye bei ya chakula cha nyumba nzima kwa miezi, akajiona amemfuata mwimbaji, kumbe amemfuata fundi wa viatu.

Mwenyewe pia hakusalimika. Mwaka 2003 alikamatwa Ufaransa, na mwaka 2004 mahakama ikamwona ana hatia ya kusaidia watu kuingia nchini humo kinyume cha sheria. Watu hao walipitishwa kwa jina la wanamuziki wa bendi yake. Tunajua shida zinazomfanya mtu aikimbie nchi yake, wala hatuwacheki. Lakini tulitafakari jambo hili: jina la mwanamuziki liligeuka kuwa vazi, likavaliwa na mtu asiye na wimbo.

Hata hivyo mwisho wake unatufundisha pia. Tarehe 24 Aprili 2016 alianguka jukwaani mjini Abidjan, akiwa katika kuimba, akafariki akiwa na miaka 66. Makoti yake yalibaki kabatini. Watu walipokusanyika kumlilia, walichopiga ni nyimbo zake.

4. Daudi na kinubi

Someni 1 Samweli sura ya 16. Samweli alivutiwa na kimo cha Eliabu, naye akaonywa kwamba Mungu hatazami hapo. Katika sura hiyo hiyo, yule mdogo aliyeachwa na kondoo aliitwa kwa mfalme kwa sababu alijua kupiga kinubi. Maandiko hayafichi kwamba Daudi alikuwa mzuri wa sura. Uzuri si dhambi. Ila hakuitwa kwa Sauli ili atazamwe. Aliitwa ili mtu aliyesumbuka apate nafuu.

Basi hatusemi kwaya ivae matambara. Sare nzuri ni heshima kwa ibada na kwa waimbaji wenyewe. Tunasema kila kitu kikae mahali pake: kwanza wimbo ujulikane, kisha nguo ishonwe. Na sare ikianza kumfukuza mwimbaji, sare hiyo imezidi bei yake, hata kama kitambaa ni cha rahisi.

Nafasi ya yule binti bado iko wazi. Wazee wawili na mwalimu wa kwaya wamekubali kwenda nyumbani kwao wiki hii. Hawaendi kudai mchango. Wanakwenda kuomba radhi.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kikundi chetu, ni saa ngapi tunatumia kwa mazoezi, na ngapi kwa mambo ya mavazi?
2. Nani ameacha kuja kwa sababu ya mchango? Nani amekwenda kumwona?
3. Sisi wazee huwasifu vijana kwa lipi kwanza baada ya ibada: walivyovaa, au walivyoimba?