Uzuri wa Mkakasi: Tovuti za Kuburuta na Kudondosha na Haki ya Msomaji Mwenye Ulemavu

1.0 Utangulizi

Makala haya yanashughulikia suala ambalo kwa mtazamo wa kwanza huonekana kuwa la wataalamu wa tarakilishi pekee. Zamani, aliyetaka kuunda tovuti alilazimika kujifunza lugha ya HTML na kuandika kila amri kwa mkono. Leo mtu asiyejua amri hata moja aweza kuunda tovuti kwa siku moja. Katika mifumo kama Wix, au Elementor iliyotolewa mwaka wa 2016 ili kutumika ndani ya WordPress, mwandishi huteua kiolezo, akaburuta picha, matini na vitufe kwa kipanya, kisha akavidondosha apendapo. Kwa njia hii vyama vya wanafunzi, idara na vikundi vya kijamii vimepata tovuti zao bila gharama kubwa.

Hata hivyo, wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ukurasa waweza kumpendeza anayeona na papo hapo ukamfungia mlango asiyeona. Hoja kuu ya makala haya ni kwamba mfumo wa kuburuta na kudondosha huunda umbo la ukurasa, ilhali maana huwekwa na mwandishi. Vizuizi vingi vinavyomkabili msomaji mwenye ulemavu ni vya lugha na mpangilio wa matini. Kwa hivyo, mwanafunzi wa Kiswahili ana wajibu katika kuviondoa.

2.0 Ufikivu na watumiaji wake

Ufikivu ni hali ya tovuti kuweza kutumiwa na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu. Sensa ya Kenya ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba asilimia 2.2 ya watu wenye umri wa miaka 5 na zaidi, yaani takriban watu 900,000, walikuwa na ulemavu. Mahitaji yao hayafanani. Asiyeona hutumia kisomaskrini, yaani programu inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye skrini au kuyapeleka kwenye kifaa cha Breili. Mfano ni NVDA, iliyoanzishwa nchini Australia mwaka wa 2006 na kutolewa bila malipo. Asiyeweza kushika kipanya hutegemea kibodi au amri za sauti. Kiziwi huhitaji manukuu katika video au tafsiri ya lugha ya ishara, naye mwenye uoni hafifu huhitaji maandishi yanayokuzika na kutofautiana vizuri na rangi ya usuli.

Miongozo ya kimataifa ya ufikivu, maarufu kama WCAG, ilitolewa na shirika la W3C mwaka wa 1999, ikafuatwa na matoleo mapya ya 2008, 2018 na 2023. Tangu toleo la 2008, miongozo hiyo imesimama juu ya nguzo nne: yaliyomo yatambulike, yatumike, yaeleweke, na yawe thabiti katika vifaa mbalimbali. Hapa nchini, Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, Breili au njia nyingine ifaayo ya mawasiliano. Aidha, mwaka wa 2008 Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kifungu chake cha 9 kinautaja mtandao wa intaneti waziwazi.

3.0 Vizuizi vya kawaida

3.1 Tangazo lililofungwa ndani ya picha

Tuchukulie kwamba chama cha Kiswahili kinaandaa sherehe za Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai. Mhariri anasanifu bango lenye mahali, saa na masharti ya shindano la insha, kisha analidondosha kwenye ukurasa likiwa picha. Kisomaskrini hakitasoma maandishi hayo kama kisomavyo matini ya kawaida, na huenda kikatamka tu jina la faili lenye herufi na tarakimu zisizo na maana. Mwanafunzi asiyeona atakosa shindano ambalo huenda angelishinda.

Kila mfumo wa aina hii una kisanduku cha matini mbadala, yaani maelezo mafupi yanayosomwa badala ya picha. Kuandika "bango" hapo hakutoshi, kwani msomaji hajaambiwa lolote. Afadhali kuandika "Bango la shindano la insha, maelezo kamili yako hapa chini," kisha maelezo yenyewe yachapwe ukurasani kama matini. Picha ya pambo tupu nayo huachwa bila maelezo, ili kisomaskrini kiiruke.

3.2 Vichwa vya macho na vichwa vya kweli

Waandishi wengi huyakuza na kuyakoza maneno ili yaonekane kama kichwa. Anayeona huridhika, lakini kwa kisomaskrini maneno hayo ni aya kama aya nyingine. Mtumiaji wa NVDA hubonyeza herufi H ili aruke kutoka kichwa kimoja hadi kingine, kama vile sisi tunavyopekua kitabu. Pasipo vichwa vya kweli, hana budi kusikiliza ukurasa wote tangu mwanzo. Mwandishi ateue ngazi ya kichwa katika mfumo: ngazi ya 1 kwa mada kuu, ya 2 kwa sehemu, na ya 3 kwa vijisehemu, bila kuruka ngazi.

3.3 Mpangilio wa usomaji

Kisomaskrini hufuata mfuatano wa vipengele katika msimbo, nao waweza kutofautiana na mfuatano unaoonekana. Mfano mzuri unapatikana katika ushairi wetu. Mhariri anayetaka vina vya kati na vya mwisho vilingane hubuni safu mbili: ukwapi wote katika safu ya kushoto, utao wote katika safu ya kulia. Jichoni shairi la tarbia huonekana limenyooka. Masikioni hali ni tofauti: kisomaskrini husoma kwapi zote nne za ubeti kwanza, ndipo kisome tao nne. Kila mshororo hukatwa na maana ikapotea. Dawa yake ni kuandika mshororo mzima katika mstari mmoja, ukwapi na utao vikitenganishwa kwa mkato.

3.4 Viungo na fomu

Kisomaskrini humwezesha mtumiaji kuorodhesha viungo vyote vya ukurasa. Orodha yenye "Soma zaidi, soma zaidi, bofya hapa" haimwelekezi popote. Kiungo kijieleze chenyewe, kwa mfano: "Pakua fomu ya kujisajili." Vivyo hivyo katika fomu, kila kisanduku kipewe lebo ya kudumu. Maneno hafifu yanayotoweka mtu anapoanza kuandika si badala ya lebo.

3.5 Lugha ya ukurasa

Hili ndilo kosa linalotuhusu zaidi. Kila ukurasa hutangaza lugha yake ndani ya msimbo. Alama ya Kiswahili ni "sw" na ya Kiingereza ni "en". Mipangilio ikiachwa kwenye Kiingereza, kisomaskrini hutamka Kiswahili chetu kwa kanuni za Kiingereza. Maneno kama pole, pale, vile na wake hugeuka maneno ya Kiingereza yenye silabi moja. Sauti ya eSpeak NG inayokuja pamoja na NVDA huweza kutamka Kiswahili, lakini haina budi kuambiwa kwamba matini ni ya Kiswahili. Badiliko moja katika mipangilio ya tovuti hurekebisha kurasa zote.

4.0 Je, mashine yaweza kututengenezea?

Uchunguzi wa WebAIM wa Chuo Kikuu cha Utah State, Marekani, uliokagua kurasa za kwanza za tovuti milioni 1 mwaka wa 2024, uligundua makosa katika asilimia 95.9 ya kurasa hizo. Asilimia 81 zilikuwa na maandishi yasiyotofautiana vya kutosha na usuli, asilimia 54.5 zilikuwa na picha zisizo na matini mbadala, na asilimia 17.1 hazikutangaza lugha.

Wapo wafanyabiashara wanaouza programu za kupachika juu ya tovuti, wakidai kwamba hurekebisha kila kasoro. Madai hayo yapokewe kwa tahadhari. Mwaka wa 2025 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliitaka kampuni moja ilipe dola milioni 1 kwa madai ya kupotosha ya aina hiyo. Mashine yaweza kugundua kwamba picha haina maelezo. Kujua picha iliwekwa kwa kusudi gani ni kazi ya aliyeiweka.

5.0 Hatua za kujikagua

Kabla ya kuchapisha ukurasa, mhariri afanye yafuatayo:

(i) Aweke kipanya kando, atumie kitufe cha Tab kupitia viungo, vitufe na fomu zote, na kuhakikisha kwamba anaona alipo.
(ii) Asikilize ukurasa kwa NVDA huku skrini imezimwa.
(iii) Apime rangi: uwiano kati ya maandishi ya kawaida na usuli usipungue 4.5 kwa 1.
(iv) Ahakikishe kwamba video zina manukuu na lugha ya ukurasa imetangazwa.
(v) Amwombe mwanafunzi mwenye ulemavu aujaribu, kisha ayafanyie kazi maoni yake.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba urahisi wa kuburuta na kudondosha haumwondolei mwandishi wajibu wa kufikiri juu ya msomaji wake. Matini mbadala ni ufupisho. Vichwa ni mpangilio wa insha. Kiungo kizuri ni uteuzi wa msamiati. Stadi hizi zote hufundishwa katika madarasa yetu. Inapendekezwa kwamba kila chama cha Kiswahili chenye tovuti kianze kwa kutangaza lugha ya kurasa zake na kuyatoa matangazo ndani ya picha. Lugha tunayoitetea kuwa ya wote haina budi kumfikia pia yule anayeisoma kwa masikio au kwa ncha za vidole.