Saa na Majina ya Wahispania na Waingereza

Tazameni ramani ya Ulaya. Hispania iko kusini, upande wa magharibi, na Uingereza iko kaskazini yake, ng'ambo ya bahari. Mkiteremsha kidole kutoka London moja kwa moja kwenda kusini, chapita mashariki ya Madrid. Maana yake ni kwamba jua la adhuhuri hufika London kwanza, na Madrid yapata robo saa baadaye.

Lakini ajabu ni hii: saa za Madrid zimetangulia za London kwa saa moja nzima! Mwezi wa Machi mwaka 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya Jenerali Franco iliamuru saa zote zisogezwe mbele, na hata leo hazijarudishwa. Tena wakati wa kiangazi nchi zote mbili huongeza saa moja nyingine. Basi siku hizo, jua likiwa utosini pale Madrid, saa ya ukutani yaonyesha saa nane na robo.

Sasa mtaelewa habari ya chakula. Mwingereza hula chakula cha mchana kwenye saa saba, mara nyingi mkate uliotiwa nyama au jibini, na cha jioni saa kumi na mbili au saa moja. Mhispania hula cha mchana saa nane au saa tisa, akaketi na jamaa zake wakizungumza. Na cha usiku hula saa tatu, hata saa nne. Mgeni Mwingereza aingiapo mji wa Hispania saa kumi na mbili, tumbo likimwuma kwa njaa, akuta meko bado hayajawashwa, asema, "Watu hawa ni wavivu." Mhispania naye afikapo mji mdogo wa Uingereza saa nne usiku, akuta jiko limekwisha fungwa, asema, "Watu hawa ni wachoyo." Wote wawili wamehukumu bila kuuliza. Yule alaye saa nane wakati wa kiangazi, ala jua likiwa utosini, kama mkulima ye yote.

Husemwa pia ya kuwa Wahispania wote hulala mchana. Si kweli, wengi wa mijini hawapati nafasi hiyo. Ila katika miji midogo maduka mengi hufungwa tangu saa nane mpaka saa kumi na moja, kwa kuwa jua ni kali mno, kisha hufunguliwa tena hadi usiku.

Katika majina tofauti ni kubwa zaidi. Mwingereza huwa na jina la ukoo moja, kwa kawaida la baba, na mwanamke aolewapo mara nyingi huchukua la mumewe. Margaret Thatcher, aliyekuwa waziri mkuu tangu 1979 hata 1990, alizaliwa Margaret Roberts. Mhispania ana majina ya ukoo mawili: la baba, kisha la mama; na mwanamke akiolewa habadili lake. Tangu mwaka 1999 wazazi wameruhusiwa kutanguliza la mama wakipenda.

Mshairi Federico García Lorca alizaliwa mwaka 1898. Baba yake alikuwa García Rodríguez, na mama yake Lorca Romero. Wageni humwita Lorca, wakidhani jina la mwisho ndilo la baba, kama kwao. Hata Wahispania wenyewe humwita hivyo, kwa sababu akina García ni wengi kupita kiasi! Lakini mwenye kutafuta vitabu vyake katika maktaba hana budi kutazama herufi G.

Zoezi: Mtoto aitwa Pedro. Baba yake ni Juan Gómez Ruiz, na mama yake ni Ana López Vega. Andika jina lake zima kwa desturi ya Kihispania, kisha andika jina ambalo angeitwa kama wazazi wake wangekuwa Waingereza. Ni jina la nani lililopotea?