Mgonjwa Asiyesema: Kichefuchefu na Maumivu ya Paka Mwenye Ugonjwa Sugu wa Figo

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii humlenga binadamu aliye na ulimi wa kusema lakini akachagua kunyamaza. Je, tuseme nini kuhusu paka, ambaye hana usemi, na ambaye maumbile yenyewe yamemfunza kuficha? Paka ni mwindaji, lakini kwa udogo wake yeye pia ni windo. Anayeonyesha udhaifu huwaalika maadui. Kwa hiyo paka mgonjwa hujikunyata kimya pembeni mwa chumba, na watu wa nyumbani husema, "Amezeeka tu."

Makala haya yanadhamiria kueleza namna ya kutambua na kutuliza mateso mawili ya paka wa aina hiyo: kichefuchefu na maumivu. Mfano tuliouteua ni ugonjwa sugu wa figo, ambao huwapata sana paka wazee. Ugonjwa huu hauponi, lakini paka aweza kuishi nao kwa miezi au hata miaka. Msimamo wetu ni kwamba utunzaji bora huanzia kwenye maelezo sahihi ya kile kilichoonekana. Hapo ndipo taaluma ya tiba inapokutana na taaluma ya lugha.

Lugha ya Ugonjwa

Kiswahili kina vitenzi vingi vya maumivu. Kichwa huwanga, tumbo hukeketa, kidonda huchonyota, jipu hupwita. Vivyo hivyo, mtu husema anahisi kigegezi au moyo unamchafuka. Hata hivyo, vitenzi hivi vyote humtegemea mwenye mwili. Yeye ndiye shahidi wa pekee. Kwa paka, tunabakiwa na vitenzi vya mtazamaji: analamba, anameza, anakwepa, anajikunja.

Mtunzaji anapaswa kutenganisha alichokiona na anachokidhani. Tuchukue maneno matatu yanayochanganywa mara kwa mara. Paka anapotapika, misuli ya tumbo hukazana kwa nguvu kabla ya kitu kutoka. Anapocheua, chakula hurudi bila jitihada yoyote ya tumbo. Anapokohoa, huinama na kunyoosha shingo, na mara nyingi hakuna kinachotoka. Wengi hudhani ametaka kutapika. Kila neno humwelekeza daktari kwenye kiungo tofauti: la kwanza kwenye tumbo au sumu iliyo damuni, la pili kwenye umio, la tatu kwenye mapafu na njia ya hewa. Anayesema "anatapika" ilhali paka anakohoa amempoteza daktari kabla uchunguzi haujaanza.

Aidha, kutapika na kichefuchefu si kitu kimoja. Kutapika ni tendo linaloonekana. Kichefuchefu ni hali inayohisiwa. Paka asiyetapika hata mara moja aweza kushinda na kichefuchefu kutwa nzima.

Kichefuchefu: Chanzo na Dalili

Figo zinapodhoofika, taka ambazo zingetolewa kwa mkojo hubaki katika damu. Ubongoni mna sehemu maalumu inayoipima damu hiyo. Ikikuta sumu, huamsha kichefuchefu na kutapika. Ndiyo maana kuosha bakuli au kubadilisha aina ya samaki hakuondoi tatizo.

Dalili za kuangaliwa ni hizi: paka hulamba midomo bila kula, humeza mate mara kwa mara, hudondokwa na mate, au husaga meno. Iliyo wazi zaidi ni kwamba huja mbio chakula kinapowekwa, akakinusa, kisha akageuza uso na kuondoka. Mwenyeji humwita mdeko. La hasha! Huyo ana njaa na kichefuchefu kwa wakati mmoja.

Daktari ana dawa kadhaa za kutumia. Maropitanti na ondansetroni huzuia ishara za kutapika, kila moja kwa njia yake. Mitazapini hupunguza kutapika na huamsha hamu ya kula. Mwaka 2018 nchini Marekani iliidhinishwa kwa paka waliokonda ikiwa marhamu ya kupakwa ndani ya sikio, jambo linalowafaa paka wasiokubali vidonge. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu paka wenye ugonjwa wa figo ulionyesha kwamba maropitanti ilipunguza kutapika bila kuongeza hamu ya kula kwa kiasi cha kutajika. Tunajifunza kwamba kukoma kwa matapishi si ithibati kuwa mgonjwa amepata nafuu. Kipimo ni sahani na mizani.

Kumlisha Anayechafukwa

Kosa kubwa ni kumlazimisha paka kula akiwa na kichefuchefu. Paka huhusisha chakula alicholishwa na hali mbaya aliyokuwa nayo, akakisusia kabisa hata baada ya kupata nafuu. Vivyo hivyo, kuficha dawa chungu ndani ya chakula akipendacho kwaweza kumnyang'anya chakula hicho. Kanuni ni moja: tuliza kichefuchefu kwanza, lisha baadaye.

Chakula kipashwe moto kidogo ili harufu yake isikike, kiwekwe kwa kiasi kidogo mara nyingi kwa siku, na kiondolewe asipokigusa. Chakula maalumu cha figo, chenye fosforasi kidogo, kina manufaa, lakini kiingizwe polepole siku ambazo paka ana nafuu. Paka anayepungukiwa na maji aweza kutiwa maji ya chumvi chini ya ngozi. Daktari humfundisha mtunzaji kufanya hivyo nyumbani.

Hata hivyo, subira ina mpaka. Paka asiyekula kwa siku mbili au tatu, hasa aliye mnene, yumo hatarini: mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulilemea. Asingojewe "aone njaa."

Maumivu Yasiyolia

Mara nyingi paka mzee mwenye figo dhaifu ana baridi yabisi pia. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2002 ulichunguza picha za eksirei za paka 100 waliozidi umri wa miaka 12. Paka 90 walikuwa na dalili za kuchakaa kwa viungo. Ni wachache mno wanaochechemea. Wengi huacha tu kuruka dirishani, au hupanda kwanza kiti ndipo wafike mezani. Manyoya ya mgongoni huvurugika kwa kuwa paka hawezi kujipinda ayalambe. Wengine hukojoa kando ya trei, si kwa utundu, bali kwa sababu ukingo wake ni mrefu. Hata kukoroma si hakikisho la raha, kwani paka hukoroma pia akiwa na maumivu.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal, Kanada, walichapisha kipimo cha kusoma uso wa paka. Hutazamwa mambo matano: masikio, macho, mdomo, sharubu na mkao wa kichwa. Kila moja hupewa alama 0 hadi 2, na jumla ya 4 au zaidi kati ya 10 huashiria kwamba paka anahitaji dawa ya maumivu. Kipimo hiki kilibuniwa kwa maumivu ya ghafla. Yale ya muda mrefu hutambulika zaidi kwa mabadiliko ya mazoea.

Dawa Iuayo

Hapa tusimame na kutoa onyo. Parasetamoli, iliyomo karibu kila nyumba, ni sumu kwa paka. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja dawa hii. Damu hushindwa kubeba oksijeni, ufizi hugeuka rangi, na kidonge kimoja cha miligramu 500 chaweza kuua. Ibuprofeni nayo ina madhara makubwa. Huruma isiyo na maarifa huua mgonjwa yule yule inayemwonea huruma. Paka akiwa amemeza, apelekwe kwa daktari papo hapo.

Hata dawa za mifugo zina masharti. Meloksikamu hutumiwa kwa paka, lakini mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani iliitaka iwe na onyo kwamba kurudia dozi kwaweza kuharibu figo. Gabapentini hutolewa mwilini kupitia figo, hivyo dozi yake hupunguzwa. Frunevetimabu, kingamwili inayodungwa mara moja kwa mwezi kwa maumivu ya viungo, iliidhinishwa Ulaya mwaka 2021 na Marekani mwaka 2022. Uteuzi wa dawa ni wa daktari wa mifugo aliyesajiliwa, si wa muuzaji wa dukani.

Yapo pia yasiyohitaji dawa: kitanda laini mahali penye joto, kijukwaa cha kupandia, trei yenye ukingo mfupi, na maji karibu.

Daftari la Mtunzaji

Tunapendekeza daftari la kila siku lenye mambo machache: amekula kiasi gani, ametapika mara ngapi, amejilamba, ameruka, amekuja alipoitwa. Uzito uandikwe kila wiki. Daktari Alice Villalobos wa Marekani alitoa mwaka 2004 kipimo cha ubora wa maisha chenye mambo saba: maumivu, njaa, maji mwilini, usafi, furaha, uwezo wa kutembea, na iwapo siku njema zimezidi mbaya. La saba ndilo zito. Siku mbaya zikizidi, licha ya dawa, daftari humwezesha mwenyeji kuzungumza na daktari juu ya kumpumzisha mnyama bila uchungu, badala ya kuongozwa na hofu au kukata tamaa.

Hitimisho

Tumeona kwamba kichefuchefu hutulizwa kabla ya kulisha, kwamba maumivu husomwa katika mazoea yaliyobadilika, na kwamba dawa ya binadamu yaweza kuwa sumu. Mihimili hii yote hutegemea jambo moja: mtu anayetazama kwa makini na kutaja alichokiona kwa neno lake halisi. Mwanafunzi wa Kiswahili huzoezwa kila siku kutofautisha maana zinazokaribiana. Tofauti kati ya kutapika, kucheua na kukohoa yaweza kuonekana ndogo katika kamusi. Kwa mgonjwa asiyesema, ndiyo njia ya pekee ya kusikika.