Kufundisha Njia ya Pamba: Thamani Huzaliwa Wapi?

Katika shule za sehemu kama Bariadi, mtoto wa darasa la tano huijua pamba kabla ya kuijua ramani ya Tanzania. Amepalilia, amechuma, amesindikiza mzigo hadi mizanini. Mwalimu anayechora ubaoni mshale mmoja kutoka kwa mkulima hadi kiwandani, na kutoka kiwandani hadi dukani, humfundisha pungufu ya anachokijua. Tena mshale huo huonyesha pamba ikienda tu, hauonyeshi kinachorudi.

Anza na pamba mbegu, yaani pamba kama ilivyotoka shambani. Vikundi viichambue kwa vidole, kisha vipime nyuzi mbali na mbegu mbali. Wataona kwamba nyuzi ni kama theluthi moja tu ya uzito. Hapo swali litakuja lenyewe, nawe usilitangulie: mbegu hizi zote huenda wapi? Nyingi hukamuliwa mafuta, mashudu yake hulishwa ng'ombe, na nyingine hurudi shambani msimu ujao. Kumbe mkulima ameuza vitu viwili kwa jina moja.

Sasa litoe darasa nje. Mmoja awe mkulima. Wengine wawe karani wa chama cha ushirika, msafirishaji, mchambuaji, mkamuaji mafuta, mfugaji, msokotaji, na mnunuzi wa ng'ambo, kwa kuwa sehemu kubwa ya pamba nyuzi yetu huuzwa nje. Kamba za katani zipite mikononi zikifuata bidhaa. Kamba za rangi nyingine zifuate fedha. Kwa kila mkono uliza: pamba imeondoka hapa ikiwa na nini zaidi? Watabisha kwamba msafirishaji hakuongeza kitu, maana pamba ni ile ile. Waache wabishane, ubishi huo ndio somo.

Kisha mkulima mmoja atie mchanga katika pamba yake ili uzito uzidi. Kwa siku moja amefaidi. Lakini mchambuaji anaharibu mashine, msokotaji anapata uzi mbovu, mnunuzi anapunguza bei, na punguzo hilo linarudi hadi kwa jirani aliyeleta pamba safi. Vuta kamba hiyo, wote wataisikia mikononi.

Mfano wa historia upo karibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa, waliochoshwa na mizani ya wanunuzi, waliweka wapimaji wao wenyewe. Mwaka 1955 vyama vyao viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, Paul Bomani akiwa kiongozi, na baadaye wakamiliki viwanda vya kuchambulia. Mikono yao ilishika kamba nyingi zaidi. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikaruhusiwa tena kwa sheria ya 1982. Ieleze habari hii bila kuipamba: mwenye kiwanda hubeba pia gharama zake.

Kwa kazi ya nyumbani, kila mtoto aulize gharama za ekari moja: mbegu, dawa, vibarua. Majibu yaandikwe bila majina, kwani umaskini wa nyumba si kitu cha kusomwa ubaoni. Kesho yake hesabu ya kutoa ianzie hapo.