KAMIO YA MAGURUDUMU 54

Katika somo la fizike tunajifunza ya kwamba motere ya kamio inazungusha magurudumu kwa njia ya chuma kirefu kinachopita chini yake. Leo tuangalie mashine moja ya Marekani iliyoacha njia ile kabisa.

Mwenye kuitunga alikuwa R. G. LeTourneau, Mkristo mwenye viwanda huko Texas. Makanisa mengi ya Kiprotestanti walimjua kwa sababu alitoa mafungu tisa ya mapato yake kwa kazi ya Mungu, akabaki na lile la kumi. (Sisi lile moja tu linatutoa jasho!)

Miaka ya 1950 jeshi la Marekani lilitafuta namna ya kupeleka mizigo mizito mahali ambapo hakuna barabara wala reli, kwenye theluji ya kaskazini na mchanga wa jangwa. LeTourneau akajibu hivi: motere izungushe dinamo, dinamo ifanye umeme, na umeme upite kwa waya mpaka kwenye kila gurudumu, maana ndani ya kila gurudumu aliweka motere ndogo ya umeme. Hapo ndipo akili yenyewe iko. Sote tumeona kamio iliyokwama katika matope: magurudumu ya nyuma yanazunguka bure, yale ya mbele yanaangalia tu. Na trela, ni mzigo wa kuvutwa. Lakini kwa LeTourneau kila behewa lilijisukuma lenyewe, hata la mwisho.

Mashine yake kubwa kupita zote iliitwa TC-497. Ilijaribiwa katika jangwa la Yuma, Arizona, mwaka 1962. Urefu wake ulikuwa zaidi ya metre 170. Kiwanja cha mpira hakiitoshi. Magurudumu 54, kila moja metre 3 hivi kwenda juu. Turbini 4, kila moja na nguvu za farasi zaidi ya 1.000. Ilibeba tani 150 na kukimbia kilometre 32 kwa saa. Kichwani mlikuwa na vitanda, jiko na choo kwa watu 6.

Na ilitembea vizuri! Haikuanguka kwa sababu ya ubovu. Lakini mwaka ule ule wa 1962 helikopta ya Sikorsky S-64 iliruka mara ya kwanza. Ile inabeba tani 9 hivi tu, lakini mto au mlima kwake si kitu, na haitambai siku nzima jangwani. Jeshi likachagua helikopta. Kwa kusema kweli, tukihesabu tani tu, tungechagua kamio. Lakini jeshi lilihesabu saa.

Mwaka 1969 mashine ikatolewa kuuzwa, na mwaka huo LeTourneau akafariki. Mabehewa yalikwenda kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Kichwa peke yake kilibaki Yuma, watu wanakitazama.

Magurudumu ya treni nyingine ya jeshi, kaka yake mkubwa, yalipata kazi mpya. Mwaka 1986 Bob Chandler wa Missouri, mwenye kamio za Bigfoot zinazojulikana kwa kuponda magari mabovu mbele ya watazamaji, aliyafunga kwenye Bigfoot 5. Yaliyofanywa kwa theluji ya kaskazini yakawa ya maonyesho, na watu wakalipa kiingilio kuja kuyaona.